Argwings-Kodhek: Wakili wa Waliokamatwa

Jina la Argwings-Kodhek limesalia vinywani mwa Wakenya wengi kwa sababu ya barabara. Ni barabara ya Nairobi ipitayo mtaa wa Hurlingham, na mgonjwa aendaye Hospitali ya Nairobi hulitaja jina hilo kila anapomwelekeza dereva wa teksi. Wachache ndio wajuao kwamba mwenye jina aliaga dunia papo hapo Hurlingham, katika ajali ya gari ya tarehe 29 Januari 1969, na wachache zaidi ndio wajuao kwamba kabla ya kuwa waziri alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufanya kazi ya uwakili. Makala haya yananuia kusimulia maisha yake kwa jicho moja tu: jicho la mtu aliyekamatwa na polisi, akafikishwa kortini, akatazama kushoto na kulia asimwone wa kumsemea.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini mtu wa Gem, kule Nyanza, asimuliwe kutoka huku Dagahaley, penye mawe na mchanga, mamia ya kilomita kutoka kwao. Jibu ni kwamba sheria zilizomfanya Argwings-Kodhek kuwa alivyokuwa zilianza kufanyiwa kazi katika nchi hii ya kaskazini zamani kabla hazijafika Nyeri na Kiambu. Na zilipoondolewa Nyeri na Kiambu, zilirudi huku. Tutafika huko.

Alizaliwa mwaka 1923. Masomo yake aliyapata kwa wamisionari wa Kikatoliki huko Yala, kisha Kisubi nchini Uganda, kisha Makerere, njia ambayo vijana wachache sana wa zama zile waliijua. Baada ya kufundisha kwa muda, alipata nafasi ya kwenda Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1940. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mazoea ya kuwapeleka Waafrika ng'ambo wasomee ualimu au ustawi wa jamii, si sheria. Sababu haikufichika. Mwalimu angefundisha alichopewa afundishe, lakini mwanasheria angesoma alichoandika mtawala na kumuuliza maswali juu yake. Argwings-Kodhek aligeukia sheria hata hivyo, akakubaliwa kuwa wakili na Lincoln's Inn, London, na akarejea nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1950 akiwa na joho la uwakili na mke Mzungu kutoka Ireland. Katika Nairobi iliyogawanywa kwa rangi, yenye mitaa ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, ndoa hiyo peke yake ilitosha kuwa kosa machoni pa wakubwa.

Hapa panahitaji kusimamwa kidogo, kwa kuwa ndipo maisha yake yalipochukua mkondo wake.

Serikali ilimpa kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Kazi hiyo tuielewe vyema. Katika mfumo wa mahakama za Kenya ya kikoloni, kesi nyingi za jinai katika mahakama za chini hazikuongozwa na mwanasheria hata kidogo. Aliyemkamata mtu alikuwa polisi, aliyeandika taarifa yake alikuwa polisi, na aliyesimama mbele ya hakimu kuongoza mashtaka alikuwa polisi vilevile, kwa kawaida inspekta. Hakimu mwenyewe, hasa wilayani, mara nyingi alikuwa bwana Disii, yaani yule yule aliyetoza kodi na kuamrisha operesheni za polisi. Kesi ilipokuwa nzito, au ilipoingia Mahakama Kuu, polisi walipata msaada wa mawakili wa Serikali kutoka Nairobi. Hao ndio walioipima ithibati, wakayaandika mashtaka yasiyovuja, wakawapanga mashahidi na kuyajibu maswali ya sheria. Kwa ufupi, polisi hawakukosa wa kuwasaidia. Kiti alichopewa Argwings-Kodhek kilikuwa miongoni mwa viti hivyo vya kuwasaidia.

Alikikataa. Sababu inayosimuliwa ni mshahara: Mwafrika mwenye sifa zile zile angelipwa sehemu tu ya alicholipwa Mzungu wa cheo kile kile. Wapo watakaoona kwamba sababu hiyo ni ndogo, ya mfuko na tumbo. Kwa maoni yangu si ndogo. Mtu aliyeambiwa kwamba sheria ni moja kwa wote, kisha akaambiwa kwamba wanaoisimamia sheria hiyo hawalipwi sawa kwa sababu ya ngozi, alikuwa amekwisha kuoneshwa jinsi mshtakiwa Mwafrika atakavyopimwa kortini. Argwings-Kodhek alifungua ofisi yake binafsi, akaketi upande wa pili wa chumba.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa Kapenguria, mahali palipochaguliwa makusudi kwa umbali wake, na Serikali ikamtuma Naibu Kiongozi wa Mashtaka, Anthony Somerhough, kuiongoza kesi. Washtakiwa wale walipata mawakili hodari kutoka mabara manne: D. N. Pritt wa Uingereza, Chaman Lall wa India, H. O. Davies wa Nigeria, Dudley Thompson wa Jamaika, pamoja na Achhroo Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza wa Kenya. Ulimwengu ulikuwa unatazama. Lakini kwa kila mmoja aliyeshtakiwa Kapenguria kulikuwa na mamia waliokamatwa katika mashamba na vitongoji, watu wasiojulikana majina nje ya vijiji vyao, na kwao ulimwengu haukutazama. Hao ndio waliougonga mlango wa Argwings-Kodhek.

Kanuni za Hali ya Hatari zilipanua orodha ya makosa ya kunyongwa kupita mauaji. Kulisha kiapo kukawa kosa la kitanzi. Kupatikana na bunduki, au hata na risasi, kukawa kosa la kitanzi. Kuonekana pamoja na mtu wa msituni nako kukaingia katika orodha hiyo. Mwaka 1953 ziliundwa mahakama maalumu za Hali ya Hatari ili kesi hizi ziende mbio. Hazikuwa na baraza la waamuzi kama lile ambalo Mzungu aliyeshtakiwa alikuwa na haki nalo. Jaji aliketi na wazee watatu washauri, na hakulazimika kuufuata ushauri wao.

Sasa tumfikirie mshtakiwa. Amekamatwa usiku katika msako. Asubuhi amepangwa mstarini mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, ambaye kazi yake ni kutikisa kichwa au kutotikisa. Amepelekwa kituoni, na huko imeandikwa taarifa inayodaiwa kuwa ya hiari yake. Ithibati dhidi yake ni risasi moja ambayo askari anasema ameitoa mfukoni mwake, na shahidi ni askari huyo huyo. Wakili hapewi muda mrefu wa kukutana naye. Naye anazungumza Kikuyu, kesi inaendeshwa kwa Kiingereza, na baina yao yuko mkalimani.

Suala hili la ukalimani linatuhusu sisi wanafunzi wa lugha kuliko wengine. Hata katika kesi ya Kapenguria, iliyokuwa na kila aina ya uangalizi, mkalimani wa kwanza, Louis Leakey, ilibidi ajiondoe baada ya mawakili wa utetezi kulalamikia kazi yake. Ikiwa hivyo kule, tujiulize hali ilikuwaje katika kesi ya mkata kuni wa Murang'a. Aghalabu taarifa ya polisi ilichukuliwa kwa Kiswahili cha kituoni, kile chenye amri nyingi na nyakati chache za vitenzi, kisha ikafasiriwa kwa Kiingereza. Tofauti baina ya kupewa kitu na kukipokea, baina ya kuwaona watu na kuwa pamoja nao, inaweza kupotea katika kivuko kimoja cha lugha. Katika kesi za aina hii, tofauti hiyo ndiyo iliyomtenga mtu na kitanzi.

Kazi ya wakili wa utetezi ilikuwa hapo hapo. Alimuuliza askari risasi ilikuwa mfuko upi, nani mwingine aliiona, kitabu cha kituo kiliandikwa saa ngapi, na ni kwa nini mfuko wa koti uliotajwa asubuhi umegeuka mfuko wa suruali ifikapo mchana. Alimuomba jaji asikilize kwanza, kando ya kesi yenyewe, iwapo ungamo lilitolewa kwa hiari au kwa kipigo. Si hotuba kubwa zilizookoa watu. Ni maswali madogo madogo, yaliyochosha na kuudhi. Walowezi walimpachika Argwings-Kodhek jina la wakili wa Mau Mau, wakidhani wamemtusi.

Je, utetezi ulileta tofauti yoyote? Mwanahistoria David Anderson aliyezipekua kumbukumbu za mahakama hizo amehesabu kwamba baina ya mwaka 1953 na 1956 watu 2,609 walishtakiwa katika kesi 1,211, na 1,574 kati yao wakahukumiwa kufa. Katika Hali ya Hatari yote walionyongwa walikuwa zaidi ya 1,000. Idadi hiyo inatisha, na haikupata kuonekana kwingineko katika dola ya Uingereza ya karne ile. Lakini toa hesabu upande wa pili: zaidi ya watu 1,000 walitoka katika mahakama hizo bila kuhukumiwa kifo. Si wote waliookolewa na Argwings-Kodhek; mawakili wengi wa utetezi walikuwa Wakenya wenye asili ya Kihindi, na haki yao katika historia hii haijalipwa ipasavyo. Ila hesabu hiyo yaonesha kwamba kesi ya polisi, ilipokutana na mtu mwenye maswali, haikuwa imara kama ilivyodaiwa.

Kuna kisa kingine cha miaka hiyo ambacho hakimhusu yeye moja kwa moja lakini kinaonesha alikuwa akipambana na nini. Mwaka 1954 aliletwa Kamishna mpya wa Polisi, Arthur Young, kutoka London. Huyu alitaka polisi wachunguze uhalifu wa kila mtu, wakiwemo homgadi na maafisa walioua na kutesa kwa jina la Serikali. Mwanasheria Mkuu John Whyatt alimuunga mkono. Utawala ukawazuia. Kabla ya mwaka kuisha Young alijiuzulu, na Januari 1955 Gavana akatangaza msamaha uliowakinga homgadi na mashtaka ya yaliyopita. Kwa hiyo hata mkuu wa polisi, akiwa na mwanasheria mkuu ubavuni, hakuweza kuyatenganisha mashtaka na matakwa ya utawala. Wakili mmoja Mwafrika, mwenye ofisi ya kupanga, angetarajiwa kuweza nini?

Pengine ndiyo sababu aligeukia siasa. Serikali iliporuhusu vyama vya Waafrika mwaka 1955, iliviruhusu katika ngazi ya wilaya tu. Argwings-Kodhek alitaka chama cha nchi nzima, akanyimwa usajili, akaishia na Nairobi District African Congress. Mwaka 1957 Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao, wanane, wa Baraza la Kutunga Sheria. Alisimama Nairobi na kushindwa na Tom Mboya, kijana wa vyama vya wafanyakazi. Inasemwa sana kwamba Mboya alikuwa na mpangilio bora na ulimi mtamu zaidi, na ni kweli. Ila jambo moja husahauliwa: Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura mpaka apate cheti cha utiifu kwa Serikali. Basi wateja wa Argwings-Kodhek, pamoja na ndugu zao, walikuwa miongoni mwa watu wasiofika katika sanduku la kura.

Mwaka 1963 aliingia Bungeni kwa tiketi ya Kanu kuiwakilisha Gem. Desemba uhuru ukapatikana.

Na hapa ndipo tunarejea kaskazini. Nchi iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Garissa imo ndani yake, ilifungwa na Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1902: hakuna aliyeingia bila kibali, na wakili ni mtu kama mtu mwingine. Mwaka 1934 ikaongezwa Sheria ya Wilaya Maalumu, iliyowapa maafisa mamlaka ya kuwazuilia watu wa kabila zima na kuishika mifugo yao kwa kosa la wachache. Mkoloni hakuhitaji hata inspekta wa kuongoza mashtaka. Amri ya Disii ilitosha. Yaliyowapata Wakikuyu katika miaka ya 1950, yaani vibali, adhabu ya jumla na kuzuiliwa bila kesi, hayakuwa mageni kwa mfugaji wa Garissa.

Wasomali wengi wa kaskazini walitaka kujiunga na Somalia, wakasusia uchaguzi wa 1963. Mwezi wa kwanza wa uhuru haukuisha kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa upya, safari hii katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Katiba ilimpa mkuu wa Serikali mamlaka ya kutawala eneo hilo kwa kanuni, na kanuni za mwaka 1966 zikaruhusu kuzuiliwa bila kufikishwa kortini, kutwaliwa kwa mifugo na kuhamishiwa watu katika vijiji vilivyolindwa na askari. Mtu aliyeviona vijiji vya Nyeri vya mwaka 1954 angevitambua vya Garissa vya mwaka 1966.

Katika miaka hiyo ya mwanzo ya uhuru Argwings-Kodhek alikuwa Waziri Msaidizi katika Wizara ya Usalama wa Ndani na Ulinzi. Alikuwa miongoni mwa waliosimama Bungeni kuijibia wizara iliyoviendesha vita vya Kaskazini Mashariki.

Mwandishi wa maisha ya mtu angeweza kulipita jambo hili kwa haraka, na wengi wamelipita. Wenye kumtetea watasema kwamba alikuwa mdogo serikalini, kwamba taifa changa lilikuwa linakatwa pande, kwamba waziri msaidizi hana budi kusema la wizara yake. Yote hayo yana uzito. Lakini haiwezekani kwamba hakujua. Miongoni mwa wote waliokuwa serikalini, yeye alikuwa na ujuzi usio na mfano wa namna ungamo linavyopatikana kituoni, namna msako unavyowakusanya wenye hatia na wasio nayo, na namna mkalimani anavyoweza kumtia mtu kitanzini bila kukusudia. Kwa mzee wa Garissa aliyezuiliwa mwaka 1966, hakukuwa na Argwings-Kodhek. Argwings-Kodhek alikuwa upande wa pili wa chumba tena, katika kiti kilichofanana mno na kile alichokikataa ujanani.

Simsemi ili kumshusha. Kumsimulia kama malaika ni kumwondolea ubinadamu wake, na pia ni kuwaondoa watu wa huku katika historia ya nchi.

Baadaye alipanda kuwa waziri kamili, na alipofariki Januari 1969 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Serikali ilisema ni ajali ya barabarani. Minong'ono ilisema vingine, na ilizidi mnamo Julai mwaka huo huo Tom Mboya, mshindani wake wa zamani, alipouawa kwa risasi mchana mjini Nairobi. Katika uchaguzi mdogo wa Gem wa kumtafuta mrithi wake, Kanu ilishindwa na Wasonga Sijeyo wa KPU, chama cha Oginga Odinga. Chama hicho kilipigwa marufuku kabla ya mwaka kuisha, na viongozi wake wakazuiliwa bila kesi.

Mfumo aliopambana nao ulimzidi umri. Polisi waliendelea kuongoza mashtaka katika mahakama za chini za Kenya huru. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kesi iliyoongozwa na askari asiye na cheo kilichotajwa na sheria ni batili, na ghafla wafungwa wengi wakagundua kwamba waliyemwona akiwashtaki hakuwa na mamlaka hayo. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoyaondoa mashtaka mikononi mwa polisi na kuyakabidhi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka aliye huru, na ikampa mshtakiwa haki ya mkalimani, na ya wakili wa kulipiwa na Serikali pale ambapo bila wakili haki ingepotea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilifuata mwaka 2016.

Katika Kaskazini Mashariki Hali ya Hatari iliondolewa mwaka 1991, miaka 22 baada ya kifo cha Argwings-Kodhek. Mwaka uliofuata ikafunguliwa kambi ya Dagahaley kwa watu waliokimbia vita vya Somalia. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006, iliyokwisha kufutwa na ile ya 2021, mkazi wa kambi aliyekutwa nje yake bila kibali aliweza kufungwa hadi miezi sita au kutozwa faini ya hadi shilingi 20,000. Aliposhtakiwa Garissa, karibu kilomita mia moja kutoka kambini, au mbele ya mahakama iliyohamia Dadaab kwa siku chache, taarifa yake ilitoka Kisomali, ikapitia Kiswahili, ikaandikwa kwa Kiingereza.